Milio Kumi na Minane

Miaka kumi na mmoja, mkono huu ndio uliomdunga:
asubuhi kabla ya chai ya maziwa na chumvi,
usiku saa tatu, kabla ya taarifa ya habari,
maana macho ya Dulmaa yalianza kumuaga mapema
na namba kwenye kalamu ya insulini ni ndogo kama chawa.

Sasa binti yetu amejifungua Busan,
na pesa tuliyonayo ni ya tiketi moja.

"Nifundishe," akasema.
Nami, dereva wa treni mstaafu,
nikaanza kutafuta miwani yangu
ilhali asiyeona ni yeye.

Hatukuanza na ngozi. Tulianza na donge la unga
lililobaki tulipopika buuz Jumapili.
Alilichoma mpaka likalegea.
Taratibu, nikamwambia, hilo si shavu la mkweo.
Namba hazisomi, basi na azisikie:
kalamu ukiizungusha hulia, ka, ka, ka,
kila mlio kipimo kimoja.
Sita kabla ya kula. Kumi na minane usiku.
Tukazima redio, tukazima na jiko.
Alipofika kumi na moja
Tserendorj wa ghorofa ya juu akaanza kutoboa ukuta.
Tukarudi kwenye moja.

Daktari Oyuungerel aliandika barua:
jina la dawa, idadi ya sindano,
na kwamba mama huyu hazibebi kwa ubaya.
Muhuri ulitoka umefifia.
Nikapanda tena ngazi za kliniki, lifti mbovu,
kuomba muhuri wenye wino.
"Nani atautazama?" karani akauliza.
Mtu wa forodha aliyekosa usingizi, nikamjibu.

Dawa tumeigawa mafungu mawili:
moja mkobani, moja kifuani mwake
chini ya deel, joho lenye manyoya ya kondoo ndani.
Begi la kwenda tumboni mwa ndege halipewi hata tone.
Nasikia kwingine watu huhangaika dawa isipate joto.
Hapa Ulaanbaatar, Januari hii, nje ni thelathini na nne
chini ya sifuri, na insulini ikishaganda
ni maji ya kumwaga.
Kutoka mlangoni hadi pa teksi ni hatua arobaini.
Nimezipima mara mbili.

Vipande vya sukari kila mfuko, hata ndani ya soksi.
"Umeninyima miaka yote hii," akacheka,
"leo wanipakia kama ngamia!"
Ukianza kutetemeka, kula. Usione haya, usingoje mhudumu.
Binti kamfundisha kwa simu neno la Kikorea la sukari
na analisema akitembea, seoltang, seoltang,
kama mtu aliyetumwa dukani.

Saa za huko ziko mbele kwa saa moja.
Nikachora jedwali: tatu ya kwetu ni nne ya kwao.
Akalikunja bila kulitazama.
"Nitadunga saa nne. Tumbo langu halina pasipoti."

Jana usiku, jaribio la mwisho, paja lake mwenyewe.
Nilifumba macho nihesabu naye.
Nikapata kumi na saba.
Nikamshika mkono: bado mmoja!
Hakubishana. Akanisogezea kalamu niisome.
Kumi na minane.
"Mmoja ulilia kwa upole," akasema,
"na treni zilishakula masikio yako."
Kisha akadunga, akahesabu hadi kumi, akachomoa,
akatia sindano kwenye kopo la majani ya chai,
na mimi nimesimama, mikono imening'inia
kama koti la mgeni.

Asubuhi teksi ilipoondoka
nilichota maziwa kwa kijiko, nikayarusha nyuma yake
kama tumfanyiavyo msafiri.
Yakaganda juu ya theluji kabla sijageuka.

Sasa inakaribia saa tatu.
Donge la unga liko mezani, kavu, limejaa matundu.
Sijalitupa.
Redio nimeizima.